"Mengineyo": Mlango wa Nyuma wa Mkutano

Vyama vyetu vya Pwani, iwe ni kamati za misikiti, vyama vya kuzikana au vyama vya akiba na mikopo, vina desturi moja katika mikutano ya mwaka ambayo twaona yafaa isemwe waziwazi. Mkutano hufunguliwa kwa Fatiha, ikasomwa ajenda, yakajadiliwa ya mikeka na ya chai hata watu wakachoka. Kisha, adhana ya Magharibi ikikaribia na nusu ya wanachama wamekwenda kutawadha, mwenyekiti hufikia kifungu cha mwisho, "Mengineyo", na hapo ndipo hutolewa jambo zito: kiwanja kikodishwe kwa fulani, au kamati iongezewe muda. "Tumekubaliana?" Watu kimya. Asubuhi yake limekuwa azimio.

Hila hii haina haja ya kuiba kura hata moja. Kosa lake liko katika taarifa. Mwanachama hupewa ajenda mapema ili aamue kama aende, aulize, na ajitayarishe kwa hoja. Aliyebaki dukani kwake kwa kuwa ajenda ilikuwa ya mikeka hakukubali kiwanja kikodishwe, hakuulizwa. Ndiyo maana Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya yataka taarifa ya maandishi ya siku 15 kabla ya mkutano mkuu, na kila mwanachama awe na kura moja tu, hisa zake ziwe nyingi namna gani. Sheria ya Vyama nayo, Sura ya 108, yataka mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, na hesabu ziwekwe mbele ya wanachama.

Wako wasemao kuwa kanuni hizi ni za Kizungu, na kwamba sisi twaendesha mambo kwa kuaminiana. Ni kweli, kitabu mashuhuri cha kanuni za mikutano kilitolewa mwaka 1876 na Mmarekani, Henry Robert, mhandisi wa jeshi, aliyeanza kuyatafiti mambo hayo baada ya mkutano wa kanisa aliouongoza mwaka 1863 kumshinda. Lakini kushauriana hatukufundishwa na Robert. Sura ya 42 ya Qur'ani yaitwa Shura. Na aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Al-Baqara, haihusu vita wala pepo; yahusu deni, kwamba liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Walioteremshiwa aya hiyo walikuwa wakiaminiana kutushinda sisi, na hata hivyo waliamrishwa waandike. Sasa hebu muulize katibu wa chama chako akuonyeshe kumbukumbu za mwaka juzi.

Kifungu chenyewe hatukikatai. Kina kazi yake, kama vile rambirambi na tangazo la harusi. Lakini lihusulo mali, katiba au uchaguzi halina nafasi pale. Mwanachama mmoja atosha kulipinga: ainuke kabla watu hawajatawanyika, aseme kuwa jambo hili halimo katika taarifa, aombe lipangwe mkutano ujao, na maneno yake yaandikwe. Asitukane mtu, pengine mwenyekiti kasahau tu. Hata akishindwa, kumbukumbu zitasomwa tena mkutano ujao ili zithibitishwe, na hapo ataona kama maneno yake yamo. Yasipokuwamo, ana hoja ya pili, na hiyo huja mwanzoni mwa ajenda, watu wote wakiwa bado wamekaa.