Hesabu za Angani Zisipigwe Shoka

Wazazi kadhaa wa hapa kwetu Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, wamekuwa wakinung'unika kwamba vijana wanaoshinda sokoni wakicheza michezo ya kompyuta, hususan ile ya ndege za kivita, wamepotea. Mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba angekuwa na uwezo angezipasua mashine hizo kwa shoka. Ninauelewa uchungu wake, kwa maana karo ya mwanawe hutokana na majani chai yanayochumwa alfajiri kungali na umande. Hata hivyo, shoka hilo siliungi mkono.

Hebu msomaji tuutazame mchezo wenyewe kabla ya kuuhukumu. Ndege nyingi za Vita Vikuu vya Pili zilikuwa na injini na rafadha puani, kwa hivyo bunduki zikatiwa mabawani. Hurricane ya Waingereza ilikuwa na bunduki nane za rashasha, nne katika kila bawa. Bunduki hizo zikitazama mbele moja kwa moja, risasi za kulia na za kushoto hazitakutana abadan, na adui aliye katikati huenda akaponyoka. Ndipo mafundi wakazigeuza kidogo kuelekea ndani ili risasi zikutane mahali pamoja. Lakini mahali hapo ni pamoja tu! Chukua bunduki iliyo mita 2 kutoka katikati ya ndege, na makutano yawe mita 250 mbele. Adui akiwa mita 500, risasi zimekwisha kupishana, na ile ya bawa la kulia inapita mita 2 kushoto kwake.

Isitoshe, risasi haiendi kama uzi uliovutwa. Risasi ya bunduki hizo ilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 740 kwa sekunde, na kufikia mita 250 ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu mita kwa mvutano wa ardhi, huku hewa ikiipunguza kasi. Kwa hivyo mitutu iliinuliwa kidogo. Haya ndiyo mambo ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu huandikiwa ubaoni kwa chaki, akayakariri, akayasahau mtihani ukiisha.

Hayakuwa mambo ya mzaha kwa waliokuwa vitani. Mwanzoni Waingereza waliamuru makutano yawekwe yadi 400. Marubani walipoona adui anatobolewa huku na huku na bado anarudi kwao, wakataka umbali upunguzwe, na mnamo 1940 yadi 250 zikakubalika. Miongoni mwa walioshikilia msimamo huo ni Adolph Malan wa Afrika Kusini, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sailor. Wala vita hivyo havikuwa mbali nasi. Juni 1940 ndege za Waitaliano ziliidondoshea Wajir mabomu, na Hurricane za Afrika Kusini zikaruka kutoka Kenya kukabiliana nao. Roald Dahl, aliyekuwa mwajiriwa wa Shell mjini Dar es Salaam, alijiunga na jeshi la anga hapo Nairobi mwaka 1939. Anasimulia katika kitabu chake Going Solo jinsi alivyopelekwa Ugiriki kuirusha Hurricane bila ya kufundishwa mapigano ya angani. Kijana wa leo anaweza kufundishwa hayo akiwa ameketi kitini, na akikosea hafi mtu.

Adui naye hasimami akingoja. Ndege ikikatiza mbele yako kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, umbali wa mita 250, itakuwa imesogea kama mita 35 kabla risasi haijafika. Yapasa ulenge mahali patupu, mbele yake kwa zaidi ya urefu wa Hurricane tatu. Watoto wetu wanaowinda ndege kwa manati huku mabondeni wanalijua hilo kwa mkono. Hawajaambiwa tu kwamba ni hesabu.

Ninaloshutumu mimi ni jambo jingine. Katika michezo kama War Thunder kuna namna rahisi ya kucheza ambapo kompyuta yenyewe huchora alama mbele ya adui, ikimwonyesha mchezaji pa kulenga. Hapo mashine ndiyo inayofikiri, na kijana kazi yake ni kubonyeza. Kucheza hivyo usiku kucha ni upuuzi, na mzazi mwenye shoka hapo ana haki. Lakini ipo pia namna ngumu isiyo na alama hiyo, na katika michezo hii, ukiwemo IL-2 Sturmovik wa mwaka 2001, mchezaji hujiamulia mwenyewe makutano yawe mita ngapi.

Kuna wanaosema kwamba huku ni kufundisha watoto kuua. Hoja hii ni nzito, na Mkenya hawezi kuicheka. Kati ya 1953 na 1955 ndege za Harvard kutoka Mweiga, karibu na Nyeri, ziliwamiminia wapiganaji wa Mau Mau mabomu na risasi katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na Lincoln kubwa zikafuata. Kijana anayecheza na aambiwe habari hizo, tena na mwalimu wake, ili ajue kwamba chini ya mabawa palikuwa na watu. Akifukuzwa tu hataambiwa na yeyote.

Kwa hivyo ninawaomba walimu wa fizikia wa eneo hili waombe saa moja ya Jumamosi katika mojawapo ya vyumba hivyo vya sokoni. Alama ya kulengea izimwe, na kila mwanafunzi awe na daftari. Swali la kwanza liwe hili: bunduki ya bawa la kulia iko mita 2 kutoka katikati, makutano yamewekwa mita 200, na adui yuko mbele kabisa, umbali wa mita 300. Risasi itapita upande gani wake, na kwa umbali gani? Jibu liandikwe kabla mtu hajagusa kitufe.