Mali ya Mjerumani na bumu la watu

Nilisema siandiki kitu mpaka testi ziishe, ila kuna jambo limenikaa kooni, ngoja nilitoe.

Juzi bumu limetoka. Tumekaa zetu kimbwetani, mshikaji wangu mmoja wa Tabora ananivuta pembeni na kuninong'oneza kama mtu anayeuza bangi. Eti baba yake mdogo kapata sehemu. Chini ya mwembe wa zamani, jiwe lina alama ya mshale, mganga kashathibitisha, bado tu kukodi mashine ya kupimia na kununua kondoo mweusi. Nikitoa laki mbili narudishiwa milioni kumi. Mali ya Mjerumani hiyo!

Sikumcheka, maana hadithi yenyewe ina mzizi. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamebanwa na vita, manowari za Waingereza zimeziba pwani, pesa hakuna. Wakapiga sarafu za dhahabu palepale Tabora, kwenye karakana ya reli. Rupia 15, upande mmoja tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Singida. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Sasa mtu akijumlisha dhahabu, vita na watu kukimbia, jibu linalomjia ni shimo.

Mi naona kinyume. Sarafu ile ilipigwa itumike, watu walipwe. Halafu tazama silaha zao. Meli ya kivita Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915, mizinga yake haikuachwa ife nayo. Waliifungua yote 10, wakaiburuta nchi kavu, wakaifungia magurudumu, wakaendelea kupigana nayo. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Watu wanaokwangua mizinga kwenye matope kwa sababu hawana kingine, ndio wa kufukia dhahabu na kusahau?

Kitu walichokificha kweli ili wakirudi wakikute ni meli. Graf von Goetzen, waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, Julai 1916, injini wamezipaka grisi nzito kwanza. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikabeba dagaa, mahindi na bibi zetu kwa miongo mingi. Hiyo imepatikana, na haikudai kondoo.

Basi, hela ni zake baba mdogo, na yetu sisi wajinga wa kuchangia. Kinachoniuma zaidi ni lile shimo. Mwanaakiolojia anachimba kwa mwiko na brashi, sentimita chache chache, udongo anauchekecha, kila kigae anaandika kimetoka kina gani na kilikuwa kimelala na nini. Ukiking'oa tu na kukitia mfukoni, umebaki na kigae, habari yake imekwenda.

Hasara yake ilionekana Great Zimbabwe. Wazungu wa mwanzo kufika nao walikuwa na hekaya yao: mji wa Malkia wa Sheba, dhahabu ya Mfalme Suleimani. Mwaka 1895 ikaundwa hata kampuni ya kusaka dhahabu kwenye magofu ya nchi ile. Halafu kati ya 1902 na 1904 bwana mmoja, Richard Hall, akakomba udongo wa ndani ya kuta na kuutupa, kwa vile aliuona ni uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye. Kumbe uchafu ule ndio ulikuwa ushahidi wa nani alijenga! Gertrude Caton-Thompson alipofika 1929 ilibidi atafute sehemu ambayo haijavurugwa, ndipo akaweza kuonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika wenyewe. Sasa fikiria kama wasaka mali wangemaliza kila kona. Tungekuwa tunabishana na Sheba mpaka leo.

Na Tabora si mahali pa kupiga jembe ovyo. Misafara ya pembe na watumwa ilipita pale, Mirambo aliwapiga Waarabu wa pale 1871. Chini ya huo mwembe panaweza kuwa na shanga, vigae, risasi za gobore, hata mifupa ya watu waliokufa njiani bila jina. Baba mdogo akikutana navyo atavitupa pembeni kwa sababu having'ai. Gobore lenyewe likitokea, na kutu lake, litaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Mwenye nalo hata ofisi ya Mambo ya Kale hataifikiria, ataogopa kuambiwa kaiba.

Laki mbili sikutoa. Nilimwambia nitatoa nauli yangu mwenyewe, likizo twende wote, tukaupekue ule udongo waliokwisha kuutoa kabla mvua haijausomba. Kaninunia. Siku mbili anapika peke yake, wali wenyewe ananukisha makusudi.

Jana usiku taa zimezimwa, nasikia kutoka kitanda cha juu: hivi hizo shanga za zamani zinakuwaje, za bluu?