Tuanzie kwenye tangi la wanga

Kwenye mitambo ya kuchenjua chuma ya jimbo la Minas Gerais, Brazil, fundi husoma povu. Likiwa la kijivu-jeupe, mambo shwari: mchanga wa kwatzi unapanda na kumwagika ukingoni, hematiti, yaani madini ya chuma, inabaki chini. Likianza kupata rangi ya kutu, chuma chenyewe kinakwenda na taka.

Hapo mkono hukimbilia kwanza pampu ya amini. (Ni jina tu la kemikali, halina uhusiano na imani, ingawa wako wanaoiamini kupita kiasi.) Toleo hili linataka fundi huyo aanzie kwenye tangi la wanga.

Katika maji yenye pH ya kama 10, uso wa kwatzi huwa na chaji hasi, na amini yenye chaji chanya huung'ang'ania, mkia wake wa mafuta ukielekea nje. Kiputo kikipita, punje inadandia. Shida ni kwamba kwenye pH hiyo hiyo hematiti nayo ina chaji hasi, kwa hiyo amini ikiachwa peke yake itabeba vyote viwili. Wanga wa mahindi ndio unaotenganisha. Hutangulizwa majini, ukaufunika uso wa chuma, kiputo kikateleza.

Na wanga huu haumiminwi tu kutoka guniani. Hukorogwa na kostiki soda hadi punje zake zivimbe na kupasuka, na maji meupe kama tui yageuke ute mzito unaopitisha mwanga. Usipoiva, sehemu kubwa yake inapita bila kushika kitu. Ukitokana na unga ambao kiini cha mahindi hakikuondolewa, mafuta yake yanaua povu. Anayepika ugali kila siku angeyagundua haya mapema kuliko kompyuta ya chumba cha udhibiti.

Kuzidisha amini ili kufidia wanga mbichi kuna gharama nyingine, maana masalia yake hufuata mchanga hadi kwenye bwawa la taka. Bwawa moja la aina hiyo, la Fundão jimboni humo, lilipobomoka tarehe 5 Novemba 2015 na kuua watu 19, kosa halikuwa la kemikali. Lakini tangu siku ile ni vigumu kuandika juu ya povu bila kuuliza linamwagikia wapi.

Kwa hiyo makala ya kwanza tumeipa sufuria. Amini itasubiri ukurasa wake.