Usiuze Ng'ombe kwa Cheti cha Miezi Mitatu

Ndugu mkulima, mavuno yakikaribia ndipo habari za ada zinapoanza nyumbani. Siku hizi wazazi wananiuliza sana kuhusu kozi fupi ya "kuchukua damu": kijana asome miezi michache, apate cheti, aingie hospitali. Maoni yangu ni kwamba usitoe hela bado.

Wazo hilo limetoka mbali. Marekani kuchukua damu ni kazi inayojitegemea, na watu huisomea kwa miezi tu. Hapa Tanzania ni sehemu ya kazi ya mtaalamu wa maabara au muuguzi. Anayetaka maabara husoma diploma ya miaka mitatu, akiwa amefaulu kidato cha nne, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo. Kisha anasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Bila usajili, cheti kitabaki ukutani.

Na hiyo miaka si ya bure. Wewe unajua sampuli ya udongo: ukichota pale ng'ombe walipolala, utapewa majibu ya samadi, siyo ya shamba. Damu ni vilevile. Mpira wa mkononi ukikazwa zaidi ya dakika moja, majibu yanaweza kubadilika. Damu ikivutwa kwa nguvu chembe zikapasuka, potasiamu itasomeka juu kuliko ilivyo. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyohiyo inavuruga kipimo cha kalsiamu. Jina nalo huandikwa kwenye kichupa mgonjwa akiwa bado amekaa hapo. Ukisubiri, majibu ya mama huyu anapewa baba yule! Mambo haya hujifunzwa kwa mikono, wodini, mbele ya msimamizi.

Kwa hiyo, kabla ya mnada, ulizia NACTVET. Usiishie kwenye jina la chuo, angalia na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha kozi nyingine tu. Waulize wanafunzi wao wanafanyia mazoezi hospitali gani, halafu nenda ukaulize hospitalini hapo. Omba kulipa kwa awamu, kubwa iwe baada ya kuuza mpunga, na makubaliano yaandikwe. Wakisita kukupa risiti, rudi nyumbani na ng'ombe wako.