Lori Limesimama, Deni Linatembea

Ndugu waumini, nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo na halmashauri za walei,

Tunaandika juu ya jambo ambalo, kwa kulitazama juu juu, laonekana kuwa la mafundi wa gereji tu: sensa iliyokufa katika mfumo wa moshi wa lori la dizeli, na kipuri kinachongojwa majuma kwa majuma. Wako watakaouliza jambo hili lahusianaje na haki na amani. Tunawajibu kwamba lahusiana sana. Katika parokia za Marekani ambako siku hizi Misa husomwa kwa Kiswahili, hakuna haja ya kwenda mbali kulitafuta. Wenzetu wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wameshika usukani wa malori, na mapato yao hulisha nyumba mbili, ya huku na ya kule walikotoka. Lori likisimama njiani Ohio, ada ya shule Bukavu au Kigoma nayo husimama.

Kwa faida ya wasiojua mitambo, tueleze kidogo. Moshi wa dizeli hubeba vitu viwili vibaya zaidi ya vingine, yaani masizi na gesi za oksidi za nitrojeni. Kanuni ya serikali ya Marekani iliyotangazwa mwaka 2001 iliwataka watengenezaji wapunguze masizi kuanzia malori ya mwaka 2007, na gesi hizo kwa ukamilifu kufikia malori ya 2010. Masizi hunaswa ndani ya chujio, kisha huchomwa humo humo kwa joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi ili chujio lisizibe. Gesi nazo hupulizwa mchanganyiko wa maji safi na urea ya asilimia 32.5, ambao madereva wa Marekani huuita DEF na wenzao wa Ulaya huuita AdBlue. Katika joto la bomba, urea hugeuka amonia, na amonia huigeuza gesi chafu kuwa nitrojeni na mvuke wa maji. Ni uvumbuzi mzuri, wala hatuna ugomvi nao.

Ugomvi wetu ni juu ya mlinzi aliyewekwa mlangoni. Ili dereva asidanganye kwa kutojaza DEF, au kwa kujaza maji ya bomba, ziliwekwa sensa za kupima kiasi chake, ubora wake, na gesi inayotoka mwishoni. Zikitoa habari mbaya, kompyuta ya lori huwasha taa, kisha hupunguza nguvu za injini, na mwisho hulifanya lori litambae kwa maili 5 kwa saa, mwendo ambao mtu akikimbia polepole hulipita. Lakini sensa iliyokufa nayo hutoa habari mbaya. Kompyuta haiwezi kumtofautisha dereva mwizi na dereva mwaminifu ambaye tangi lake limejaa na kifaa chake kimeungua, nayo huwaadhibu wote wawili sawasawa. Tungeambiwa kwamba hakimu fulani hufunga kila anayeletwa mbele yake kwa sababu hana namna ya kujua nani ana hatia, tungepiga kelele. Hapa tumenyamaza kwa sababu hakimu ni mashine.

Sensa yenyewe ni kitu cha kushika mkononi. Kuifungua na kufunga nyingine si kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua. Kinachomshinda fundi wa mtaani ni kwamba mara nyingi baada ya kuifunga lazima kompyuta iambiwe kuwa kifaa kipya kimefika, na programu ya kuiambia hivyo hukaa mikononi mwa mtengenezaji na wakala wake. Basi lori huvutwa hadi kwa wakala, na huko hukuta foleni. Kipuri hakipo, kimeagizwa, kitafika juma lijalo, juma lijalo hakijafika. Anayelipa gari la kuvuta ni dereva. Anayelipa chumba cha kulala, bima, na rejesho la mkopo ni huyo huyo. Naye hulipwa kwa maili, si kwa saa. Tangu mwaka 1938 sheria ya kazi ya Marekani imewaweka madereva wa malori ya masafa nje ya malipo ya saa za ziada, na yule anayejiajiri kwa lori lake mwenyewe hana hata mshahara wa saa za kawaida. Siku ambayo lori halikutembea ni siku ambayo hakufanya kazi, hata kama aliamka alfajiri na kushinda gereji akingoja.

Sasa tufike mahali penye ushahidi. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, ulimwengu ulipokosa chipu za kompyuta, sensa za tangi la DEF ziliadimika kabisa. Malori yaliegeshwa kwa wingi, na mizigo ikakwama. Ndipo watengenezaji kadhaa walipokwenda kwa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, wakapata kibali, wakatoa programu ya muda iliyoiruhusu kompyuta kuvumilia kukosekana kwa sensa hadi kipuri kipatikane. Malori yakatembea tena. Tuwaombe wasomaji wakae na jambo hili kidogo kabla ya kuendelea. Kufuli tuliloambiwa kuwa haliwezi kufunguliwa kwa sababu ya sheria ya hewa safi lilifunguliwa kwa mashauriano ya watu mezani. Lilifunguliwa wakati waliokwama walipokuwa wakubwa pamoja na wadogo. Alipokwama mdogo peke yake, kwa miaka zaidi ya kumi, hakuna aliyeona dharura.

Hata EPA yenyewe imekwisha kusema. Agosti 2023 iliwaandikia wakulima, ambao matrekta yao yana shida hii hii, kwamba sheria ya hewa safi isitumiwe kama kisingizio cha kuwazuia wasijitengenezee mitambo yao. Agosti 2025 ikatoa mwongozo unaowahimiza watengenezaji wabadilishe programu ili lori lenye hitilafu ya DEF lipewe majuma badala ya saa chache kabla ya kufungwa mwendo, na kutaka malori mapya ya mwaka 2027 yasipoteze nguvu kwa ghafula. Tunaupokea mwongozo huo. Lakini mwongozo humhimiza mtengenezaji kuhusu malori yaliyokwisha kuuzwa, haumlazimishi. Na waumini wetu huendesha hayo yaliyokwisha kuuzwa.

Wako ndugu zetu, na baadhi yao ni madereva, wanaotoka hapa na kusema: basi sheria za moshi zifutwe zote, zimeletwa na watu wa ofisini. La hasha. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ni nani anayeuvuta moshi huo kuliko dereva, anayelala ndani ya lori kati ya malori mia yaliyoegeshwa? Ni nani baada yake, kama si familia zinazoishi kandokando ya bandari, maghala na barabara kuu, mahali ambapo kodi ya nyumba ni nafuu na ambapo mhamiaji hupangishwa kwanza? Watoto wetu wana pumu. Anayetuambia tuchague kati ya pafu la mtoto na mkate wa baba yake anatuchezea, kwa maana fedha ya kutengeneza kifaa kinachodumu ipo. Haikosekani. Imewekwa tu mahali pengine.

Tuangalie mahali hapo. Julai 2016 Tume ya Ulaya iliwatoza watengenezaji wakubwa wa malori faini ya jumla ya yuro bilioni 2.93, nao ni Volvo pamoja na Renault, Daimler, Iveco na DAF. MAN, iliyotoboa siri, ilisamehewa. Scania ilitozwa yake, yuro milioni 880, mwaka 2017. Kosa lilikuwa nini? Kwa miaka 14, tangu 1997 hadi 2011, walikuwa wakipatana kwa siri juu ya bei za malori, juu ya wakati wa kuleta vifaa vipya vya kusafisha moshi, na juu ya namna ya kumpitishia mnunuzi gharama za vifaa hivyo. Hayo si maneno yetu ya uchungu. Ni uamuzi wa mamlaka ya ushindani. Huku Marekani, Desemba 2023, ilitangazwa kwamba Cummins imekubali kulipa dola bilioni 1.675, faini ya madai iliyo kubwa kuliko zote chini ya sheria ya hewa safi, kwa ajili ya programu za kukwepa udhibiti wa moshi katika magari madogo ya mizigo ya Ram. Kampuni hiyo haikukiri kosa. Dereva ambaye kompyuta imemshuku hapewi nafasi ya kukiri wala kukana.

Na dhamana je? Kwa sheria iliyopo kwa malori ya miaka yote hii, mtengenezaji wa lori kubwa anawajibika kwa vifaa vya moshi kwa miaka 5 au maili 100,000, lolote litakalotangulia. Lori la masafa marefu laweza kumaliza maili 100,000 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ulinzi unaosomeka kuwa wa miaka mitano huisha kabla mtoto wa mwenye lori hajaanza kusimama, na yule anayelinunua mkononi mwa mtu wa pili au wa tatu, kama wanunuavyo wengi wa kwetu, hununua chujio lililochoka na sensa zilizozeeka bila mtu wa kumlalamikia. Kanuni ya Desemba 2022 ilikusudia kuirefusha dhamana hiyo hadi maili 450,000 kwa malori ya 2027 na kuendelea. Machi 2025 EPA ilitangaza kwamba itaiangalia upya kanuni hiyo. Watengenezaji husema dhamana ndefu itapandisha bei. Huenda. Lakini maana ya usemi huo ni kwamba wanajua vifaa vyao vitaharibika, na wanajua nani wangependa alipe.

Kibaya zaidi ni pale lori lisipokuwa la dereva kwa kweli. Makampuni kadhaa ya usafirishaji humpa dereva mgeni mkataba wa kukodi kwa kununua: rejesho hukatwa kila juma katika malipo yake, matengenezo ni juu yake, na mizigo hupewa na kampuni ile ile. Jopo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2021 kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza Januari 2025 kwamba Bunge la Marekani liipige marufuku. Tumesikia kutoka kwa waumini, nasi hatumtaji mtu, jinsi lori lilivyokaa karakana zaidi ya mwezi mmoja likingoja kipuri, rejesho likiendelea kuhesabiwa, hata dereva aliporudi barabarani alifanya kazi majuma kadhaa kwa kulipa majuma aliyokatazwa kufanya kazi. Yohane Paulo wa Pili alifundisha mwaka 1981, katika Laborem Exercens, kwamba kazi hutangulia mtaji. Mkataba wa namna hii umeligeuza fundisho hilo kichwa chini.

Tunajua wengi hukata tamaa na kwenda kwa fundi wa kichochoroni, aliondoe chujio na kuidanganya kompyuta. EPA ilikadiria mwaka 2020 kwamba magari madogo ya dizeli zaidi ya 550,000 yalikuwa yamefanyiwa hivyo katika muda wa miaka kumi. Tunaelewa kishawishi, hatukibariki. Ni kosa la kisheria, na moshi wake huangukia nyumba zile zile tulizozitaja. Huangukia hata mbali zaidi. Wakaguzi wa Uholanzi walipoyachunguza magari ya mitumba yanayosafirishwa kwenda Afrika, taarifa yao ya 2020 ilieleza kwamba baadhi yalikuwa yameng'olewa vifaa vya kusafisha moshi kabla ya kupakiwa melini. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni mwaka 2015, hatua njema. Dizeli ya Marekani ni 15, na vifaa hivi viliundwa kwa ajili ya mafuta safi namna hiyo. Lori likichakaa huku, hupelekwa kumalizia maisha yake kule, ambako kipuri hakingojwi kwa sababu hata hakiagizwi.

Kwa hiyo tunadai mambo yasiyo magumu. Kila mtengenezaji auze programu ya kufungia sensa kwa gereji yoyote, kwa bei ya haki. Kipuri kisipopatikana, lori lipewe ruhusa ya muda, kama lilivyopewa mwaka 2022, bila kungoja tajiri akwame kwanza. Dhamana ya maili 450,000 isiguswe. Na rejesho lisihesabiwe kwa siku ambazo lori linangoja kipuri cha moshi.

Kwenu viongozi wa walei tunaleta kazi. Asiwepo muumini anayetia sahihi mkataba wa lori kabla haujasomwa na mtu anayeijua lugha ya mikataba; katika parokia nyingi mtu huyo yupo, hajaombwa tu. Madereva nao waandike siku taa ilipowaka, siku lori lilipofika karakana, siku kipuri kilipoagizwa na kilipofika, na fedha zilizokatwa kati ya siku hizo, na watunze stakabadhi. Halmashauri iteue mtu mmoja wa kuzikusanya karatasi hizo kabla ya mwisho wa mwezi, ili mwakilishi wa Bunge atakapopokea ujumbe wetu awekewe mezani tarehe na hesabu.