Msiikane Kwihara

Mchoro ule umeshauona. Watu wamefungwa shingoni kwa miti yenye panda, wamepangwa mstari mmoja, na pembeni amesimama mtu wa kanzu na kilemba mwenye bunduki. Michoro ya aina hiyo ilichorwa karne ya 19 kwa ajili ya vitabu na magazeti ya Ulaya. Siku hizi inasambazwa na wafuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia, watu ambao hawajawahi kusikia jina la Unyanyembe, na chini yake huandika maneno yaleyale: huu ndio Uislamu, na hawa ndio mnaowafungulia mipaka. Akitokea Mwafrika Mwislamu kujibu, awe Birmingham, Minneapolis au hapa nyumbani, anageuziwa kibao: na wewe unasujudia dini ya waliokuuza.

Mimi ni mtu wa Tabora, na kwangu mchoro ule una anwani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu. Kwihara ipo kilomita chache nje ya mji, na nyumba ya tembe waliyokaa Stanley na Livingstone imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Nina neno na wanaousambaza mchoro, lakini nina neno refu zaidi na sisi tunaoujibu, kwa sababu tunaujibu vibaya.

Wengi wetu tunakana. Tunasema biashara ya utumwa ya Waarabu ni hadithi ya wamisionari, iliyotungwa ili Mkristo na Mwislamu wa Tanganyika wasielewane. Anayesema hivyo asome habari za Nyangwe, kule Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao walifyatua risasi katikati ya soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama katika mto Lualaba. Livingstone alikuwepo, akaandika. Februari 1872 akafika Kwihara pamoja na Stanley, na mwezi uliofuata Stanley akaondoka na maandishi yake kuelekea pwani. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Unaweza kumchukia Livingstone upendavyo, lakini maiti wa Nyangwe hawakutungwa na mmisionari, na waliofyatua walikuwa na majina kama yetu.

Tukishindwa kukana, tunalinganisha. Na nyinyi je, na meli zenu za Atlantiki? Ni kweli, na ukubwa wa uovu ule haupimiki. Ila hasidi wako anaupenda ubishi huo kuliko wote, maana unayageuza makaburi kuwa magoli ya mpira: wewe moja, yeye tatu, na mtumwa mwenyewe hayumo uwanjani. Wengine humtoa Bilal mfukoni kama kitambulisho. Bilal, radhi za Mungu zimshukie, hakuadhiniwa jangwani ili sisi tumtumie kufunika yaliyofanyika Manyema. Kuna watu wanamtaja Bilal asubuhi, na jioni, katika kikao cha posa, wanauliza kama ukoo wa bwana harusi ni wa watumwa.

Majibu yote haya yana ugonjwa mmoja. Ndani yake tumeshakubali dai la adui kwamba Waislamu wote ni mtu mmoja, na akikosea mmoja tumekosea sote. Ndiyo maana tunahangaika kuthibitisha kwamba hakuna aliyekosea. Mtu asiyekubali kubebeshwa dhambi ya mwingine hana haja ya kuificha.

Tazama yaliyotokea Southport, Uingereza. Julai 29, 2024, wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu kwenye darasa la dansi. Uvumi ukaenea kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa boti. Usiku uliofuata umati ukauvamia msikiti wa mji kwa matofali na chupa, waumini wakiwa ndani. Baadaye ikajulikana kwamba kijana yule alizaliwa Cardiff, na wazazi wake walitoka Rwanda, jirani zetu hapa, wala hawakuwa Waislamu. Waislamu wengi wakashusha pumzi: alhamdulillahi, si wetu. Naielewa pumzi ile. Lakini angekuwa wetu je? Angekuwa amezaliwa Tabora, jina lake Ramadhani, waumini wale wangestahili matofali? Kila tunapojitetea kwa kusema si wetu, tunamwachia mtu wa matofali haki yake kwa siku atakapokuwa kweli ni wetu. Jibu lilipaswa kuwa moja, kabla jina la muuaji halijajulikana na baada ya kujulikana: aliyeua ashtakiwe yeye, na anayevunja msikiti ashtakiwe yeye.

Na walishtakiwa. Ghasia zilipoenea Uingereza, polisi walikamata zaidi ya watu 1,000, na mahakama zikaanza kutoa vifungo ndani ya siku chache. Wakazi wa Southport waliamka asubuhi wakajenga upya ukuta wa msikiti, wengi wao wakiwa si Waislamu. Liverpool, imamu alitoka nje akawagawia chakula waandamanaji waliokuja kuutukana msikiti wake, akakumbatiana na baadhi yao. Namheshimu sana. Ila naona jinsi picha yake ilivyopendwa, na ninajua kwa nini: dunia inampenda Mwislamu anayegawa chakula kuliko Mwislamu anayefungua kesi. Tuwahitaji wote wawili, na asilazimishwe mtu kumlisha aliyemrushia jiwe.

Turudi kwenye mchoro. Huruma ile kwa mtumwa wa Kiafrika si mpya, na sisi wa njia hii tunaijua mwisho wake. Agosti 1871 Stanley alikwenda vitani kumpiga Mirambo, akiwa upande wa Waarabu wa Tabora. Mwaka 1887, akimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alifunga mkataba na Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake alioa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, na mfanyabiashara yule akafanywa gavana wa Stanley Falls. Miaka mitano baadaye majeshi ya Leopold yakawapiga Waarabu wa Kongo kwa jina la kukomesha utumwa, kisha nchi ile ile ikakamuliwa mpira kwa mijeledi na mikono iliyokatwa. Hapa kwetu Wajerumani walimshinda Mtemi Isike mwaka 1893. Nao walikuja wakihubiri vita dhidi ya utumwa. Wakatawala mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia, na muda wote huo utumwa haukufutwa kisheria. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Walichukua nchi, wakamwacha mtumwa palepale. Mwenye mchoro wa leo naye muulize: mjukuu wa huyo mtu wa mti shingoni akija ubalozini kwenu kuomba viza, mtampa?

Hata hivyo, kuufichua unafiki wake ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusema hadithi hii ni ya nani, na hapo ndipo tunapojinyang'anya wenyewe. Sidi Mubarak, anayejulikana kama Bombay, alikamatwa Uyaoni akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari mpaka India, akarudi akiwa huru na Mwislamu, na kuanzia safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857 akaikanyaga njia hii akiongoza watu. Mwaka 1871 alikuwa Kwihara na Stanley. Sheikh Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, alitoka Manyema akiwa mtoto mtumwa. Akasoma, akawa khalifa mkubwa wa Qadiriyya, na Waingereza walipoingia akawa liwali wa mji ule ule aliofikishwa kama bidhaa. Huyo hakuwa mjinga aliyesujudia dini ya waliomuuza. Aliisoma dini yao kuliko wao, akaona imeandikwa ndani yake kwamba kumwacha mtu huru ni kupanda mlima mgumu, na wenyewe hawakuupanda.

Angalia safu ya Ijumaa hapa Tabora. Wamo Wanyamwezi ambao babu zao walibeba pembe kwa ujira, wamo Wamanyema ambao babu zao walifungwa, wamo wajukuu wa waliofunga, na wengine ni yote hayo kwa pamoja. Hakuna mzungu wa mtandaoni anayeweza kuisimulia hadithi ya safu hiyo kwa niaba yetu, ila tukinyamaza.

Kuna kipimo cha kama tunasema kweli, nacho hakiko karne ya 19. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya wasichana wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasi zimezuiwa na mwajiri, mishahara hailipwi, kupumzika hakuna, na wengine hupigwa. Wengi wa waajiri hao wanaswali. Khutba ngapi umesikia juu ya hilo? Nimesikia nyingi juu ya katuni za Denmark. Msikiti unaomtetea binti wa Kitanzania aliyefungiwa jikoni Muscat hautababaishwa na mchoro wa mtu yeyote, na hata jirani asiye Mwislamu atajua kwamba tukisema dhuluma tunamaanisha dhuluma.

Makumbusho ya Kwihara yanaitwa kwa jina la Livingstone. Wageni wanakuja kumtazama yeye na Stanley, wanapiga picha mlangoni, wanaondoka. Watoto wetu wa madrasa hawapelekwi, na waliokuwa wamejipanga mstari nje ya tembe lile, wenye mizigo na wenye minyororo, hawatajiwi na mtu. Wapelekwe. Walimu wao wawaambie habari za Nyangwe bila kupunguza, na za Sidi Mubarak, na za Sheikh Ramiya, na za posa zile. Wapelekwe mapema, kabla hawajapata simu na kabla mchoro haujawafikia.