Maoni: Kugawa madaftari ya raia ni sawa, lakini nani anashika indeksi?

Mkaaji wa Nyamugo au Cimpunda akienda komine kutafuta akti ya kuzaliwa ya mtoto, anaulizwa kwanza: aliandikishwa komine gani, na mwaka gani? Akijibu vizuri, karani anafungua daftari moja tu. Akikosa jibu, kwa sababu familia ilihama wakati wa vita au nyumba iliungua na karatasi zote, basi kazi inakuwa kubwa. Bukavu ina komine tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Komine tatu mara miaka 40 ni madaftari 120, tukihesabu moja tu kwa mwaka.

Siku hizi wengi wanasema dawa ni ordinateri. Mimi nakubali nusu. Mainjinia nao hugawa jedwali kubwa vipande vipande, kwa mwaka au kwa komine, na wanafanya vizuri: ukitaka kupeleka mwaka wa 1990 kwenye akiba, unaondoa kipande kimoja bila kugusa vingine. Shida inaanzia kwenye indeksi, yaani ile orodha inayoambia mashine jina fulani liko wapi. Ikiwa kila kipande kina indeksi yake peke yake, mtu asiyejua mwaka atalazimisha mashine ipitie zote 120. Kwa mashine moja na muombaji mmoja si neno. Kwa inchi nzima, asubuhi moja, ni neno.

Lakini kuchelewa si ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Tuchukue PostgreSQL, programu ya bure inayotumiwa sana duniani. Jedwali likigawanywa kwa komine, programu hiyo inakataa kukuhakikishia kwamba namba haijirudii, isipokuwa ukiingiza komine ndani ya sharti hilo. Matokeo yake: namba moja haitaonekana mara mbili ndani ya Kadutu, lakini hakuna kinachozuia Kadutu na Bagira kuwa nayo zote mbili. Oracle inakubali indeksi moja inayofunika vipande vyote. Nayo ina bei yake: ukifuta kipande bila kuiamuru isahihishe indeksi palepale, indeksi hiyo inakuwa haitumiki tena.

Matatizo ya mtu kuhesabiwa mara mbili tunayajua. Mwaka 2018, CENI iliondoa zaidi ya majina milioni 6 kwenye orodha ya wachaguzi, yakiwemo ya walioandikishwa zaidi ya mara moja na ya watoto. Mwaka huohuo, wakaguzi wa shirika la Francophonie walikuta asilimia 16.6 ya wachaguzi hawana alama za vidole kwenye orodha. Msomaji aangalie hapo vizuri: indeksi haiwezi kulinganisha kitu ambacho hakipo. Katika PostgreSQL, usipoibadilisha, nafasi mbili tupu hazihesabiwi kuwa sawa, kwa hiyo hata sharti la kutojirudia linaziacha zipite. Kisha uandikishaji uliofuata uligawanywa maeneo matatu. Ulianza upande wa magharibi Desemba 2022, na sisi wa Kivu Kusini tukafikiwa Februari 2023. Kugawa hivyo kulikuwa na maana, inchi ni kubwa. Ila mtu anayehama kutoka eneo moja hadi lingine hawezi kugunduliwa na ulinganisho unaoishia ndani ya eneo moja.

Kwa hiyo, siku madaftari ya Kadutu yatakapoingizwa kwenye ordinateri, napendekeza namba ya mtu ibebe ndani yake komine na mwaka wa kuandikishwa. Anaweza kuhamia Goma au Uvira, lakini mahali alipoandikishwa hapahami, na namba yenyewe itaonyesha kipande cha kufungua. Pembeni pawe na jedwali jingine, dogo, lisilogawanywa, la majina na namba tu. Hapo pia kuna mtego wetu wenyewe: mmoja ameandika Cirhuza, mwingine Chiruza, na indeksi ya kawaida inawaona watu wawili.

Halafu kuna kazi ya kila mwaka ambayo haina sherehe wala utepe wa kukata. Kipande cha mwaka mpya lazima kitengenezwe kabla ya tarehe 1 Januari. Kisipokuwepo, na kama hakuna kipande cha akiba, mashine itamkataa mtoto wa kwanza wa mwaka. Indeksi mpya ikijengwa juu ya jedwali zima mara moja, maandishi yanasimama mpaka iishe, na makarani wanangoja. Njia nzuri ni kuijenga kipande kwa kipande bila kuzuia kazi, kisha kuviunganisha. Lakini kwetu umeme hukatika, na kazi hiyo ikikatika katikati inaacha indeksi mbovu, ambayo mashine haiitumii kutafuta ingawa inaweza kuendelea kuilisha, mpaka mtu aione na kuifuta.

Huyo mtu ndiye ninayemtafuta katika mipango yote ya kuweka eta sivili kwenye ordinateri. Bei ya mashine, skana na paneli za jua huwa imeandikwa mpaka franka ya mwisho. Mshahara wa yule atakayekaa ofisini Kadutu katikati ya Desemba, akiandaa kipande cha mwaka unaokuja, uandikwe pia, na uandikwe kwa miaka mingi.